Kokwa la Fundi

Kokwa lilipomtoka, walimpigia makofi.

Ilikuwa saa ya chai, mashine zimenyamaza, na yule mshonaji mzee ambaye ukumbi mzima ulimwita Shangazi alikuwa amemshika taya mwenzake kama mtu anayechagua parachichi sokoni. Alibonyeza hapa, akabonyeza pale, mwisho kidole gumba kikatulia mbele kidogo ya sikio la kushoto, karibu na ndewe.

"Hili hapa," akatangaza. "Njooni mshike wenyewe. Leo mwenzetu amekuwa fundi."

Ukumbi ule ulishona makoti ya madaktari na sare za wauguzi. Zamani kila mshonaji alivaa mkononi kimto kidogo cha kuchomekea pini. Wakubwa wakasema vimto vinapoteza muda, wakavikusanya kwenye gunia, na gunia likaenda walikojua wao. Tangu hapo wanawake wakabana pini kwa midomo, upande mmoja, wameuma meno kutwa nzima kwa kuogopa kumeza. Ukibana hivyo miaka mingi, taya linaota msuli mgumu. Wao wakauita msuli ule kokwa la fundi. Aliyeota kokwa alinunuliwa soda. Wakubwa hawakuwahi kumpa mtu nishani pale, basi wakawa wanajipa wenyewe.

Mume wa huyu aliyeota kokwa alikuwa mkataji wa ukumbi huohuo. Kazini aliitwa Makasi. Alikuwa kwenye meza yake ndefu, chaki nyuma ya sikio, Shangazi alipomwita.

"Wewe Makasi, njoo ushike mali yako."

"Nitaishika nyumbani," akajibu, na wanawake wakacheka hadi mmoja akapaliwa na chai.

Lakini nyumbani hakushika. Walifika wamechoka, wakala, wakalala, na siku zikaendelea kwenda kama zinavyokwenda kwa watu wanaoamshwa na kengele ya kazini.

Kokwa la wengine lilikuwa refu, limelala juu ya taya. La kwake lilikuwa duara, kama punje ya kunde. Baadaye likawa kama njugu, tena kama gololi. Watu wakaanza kumwambia amezidi ufundi. Yeye akashusha mtandio kidogo upande wa kushoto.

"Linauma?" Makasi alimuuliza asubuhi moja, akimwona anajitazama kwenye kioo cha mlangoni.

"Haliumi hata kidogo."

"Basi. Kitu kibaya kingeuma."

Ndivyo alivyosema Shangazi pia, na jirani, na muuza duka. Ungedhani walikaa kikao. Haliumi, basi halina neno.

*

Kiwanda kilikuwa na tabibu wake. Chumba chake kilibanwa kati ya stoo ya vitambaa na ofisi ya msimamizi. Ukikohoa kwa tabibu, msimamizi alisikia. Mke wa Makasi aliingia akasimama mbele ya meza, kwa sababu kiti cha mgonjwa kilikuwa kimewekewa mafaili.

"Nina uvimbe hapa."

"Nimeuona," tabibu akasema. Hakuinuka.

"Hujaushika."

"Mama, kwani mimi nanunua nyanya? Hayo ni matubwitubwi."

"Si ugonjwa wa watoto huo?"

"Wapo watu wazima wenye mambo ya kitoto." Akacheka peke yake, akamwandikia vidonge.

Vidonge vikaisha, gololi ikabaki. Aliporudi, tabibu akabadilisha wimbo: ni jino, likitoka jino, uvimbe utashuka. Akampeleka kwa mng'oa meno aliyekuja kiwandani kila baada ya muda. Jioni ile Makasi alikuwa anakula, mkewe akaja akafungua kipande cha kitambaa cheupe juu ya meza. Ndani yake kulikuwa na jino zima, jeupe, halina tobo wala doa.

"Hebu liangalie," alisema, mdomo bado umejaa pamba. "Limekosa nini hili?"

Makasi aliligeuzageuza. "Mama Watoto, tabibu ndiye aliyesoma."

"Kweli, Baba Watoto. Mimi nimesomea pini."

Waliitana hivyo, Mama Watoto na Baba Watoto, ingawa mtoto alikuwa mmoja tu, msichana wa shule aliyekuwa anasikiliza mlangoni. Walipoanza kuitana walitegemea wengine watafuata. Hawakufuata, na jina likabaki.

*

Pini ya kwanza ilianguka asubuhi, kabla ukumbi haujapata moto. Makasi aliisikia kutoka mezani kwake. Pini moja haina kelele ya maana, lakini mtu aliyeishi na mwanamke asiyedondosha pini huisikia. Aliinua macho. Mkewe aliiokota, akairudisha mdomoni. Ikaanguka tena.

"Umechoka?" alimuuliza wakati wa chai.

"Mdomo umelala tu. Utaamka."

Haukuamka. Ulianza kushuka pembeni, polepole, kama pindo lililokatika uzi. Chai ikawa inamchuruzika kidevuni bila yeye kujua, na Makasi akawa anamfuta kwa ncha ya kidole akijifanya anamtania. Nyumbani yule binti aliuliza kile ambacho wakubwa wawili walikuwa wanakizunguka.

"Mama, mbona siku hizi unacheka nusu?"

"Nusu nyingine nimeweka akiba. Siku ya harusi yako nitacheka yote."

Wakacheka wote watatu. Makasi aliangalia upande uliocheka. Upande wa pili aliuona kwa pembe ya jicho, umetulia kabisa, kama mgeni aliyeketi nao asiyejua lugha yao.

Kisha likarudi koti. Lilirudi kutoka hospitali kubwa, limefungwa kwa kamba, na habari kwamba daktari mmoja mwenye cheo amechomwa kwapani na pini iliyosahaulika kwenye mshono. Msimamizi, ambaye kwa sababu ya kengele ya mkononi aliyotembea nayo aliitwa Kengele, ila si mbele yake, akasimamisha mashine zote. Akamwita mke wa Makasi katikati ya ukumbi.

"Bana pini tukuone."

"Hapa?"

"Si ndiyo kazi unayolipwa? Bana."

Alizichukua pini, akazipanga midomoni upande wa kushoto kama alivyozoea. Alisimama wima sana, mikono imeshika aproni. Pini zikaanza kuanguka. Hazikuanguka pamoja, hilo lingekuwa afadhali. Zilianguka moja, ukumbi ukasubiri, ikaanguka nyingine.

Shangazi akajitia kuingilia. "Kokwa lake limekomaa mno, bwana mkubwa. Mpe siku mbili tatu apumzike."

"Hilo kokwa mnaloringia? Akaringe nalo kwake. Vua aproni, mama."

Makasi alikuwa ameshika mkasi, kitambaa kimekatwa nusu. Kitambaa kikiachwa nusu kinasogea, kinaharibika, na mwenye kukiharibu anaonyeshwa mlango. Alijiambia wakitoka wote wawili siku moja, nani atabaki. Basi akaendelea kukata. Mkewe alipita karibu na meza yake akielekea nje, na kilichosikika ni ule mkasi tu, ukila kitambaa.

*

Jumapili moja alasiri, jua limejaa chumbani, Mama Watoto alijilaza. Makasi alikuwa amekaa kitandani anashona kifungo cha sare ya binti. Akamwambia mkewe jambo la kawaida tu, kwamba uzi mweupe umeisha. Hakujibiwa. Akageuka.

Jicho la kushoto lilikuwa linamwangalia.

"Uzi umeisha," akarudia.

Jicho likamwangalia. Kisha akasikia pumzi, ndefu, nzito, ya mtu aliyelala fofofo. Jicho la kulia lilikuwa limefumba. Lile la kushoto liko wazi, limekauka, limeweka mng'ao wa kioo cha dirisha. Makasi alihamia upande wa pili wa kitanda. Alisema baadaye, kwa wachache aliowaambia, kwamba alijua jicho lililolala haliwezi kumfuata mtu, na kwamba lilimfuata.

Alichukua leso akaifunika ile sehemu ya uso, na hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, mkono wake ukapita mbele ya sikio la mkewe. Chini ya leso kulikuwa na kitu kigumu kama kokoto iliyoshikana na ardhi. Hakikusogea.

Watu wa mtaani walikuwa na majibu tayari. Wengine walisema amepigwa na upepo, wengine ni kiharusi kidogo, wengine wakamtaja mtu aliyemwonea kijicho. Makasi akawasikiliza wote, akawashukuru, na kesho yake alfajiri akaomba ruhusa kwa Kengele.

"Ruhusa ya nini?"

"Nampeleka mgonjwa hospitali kubwa."

"Si kuna tabibu hapa?"

"Yupo," Makasi akasema. "Hajambo."

*

Daktari wa hospitali kubwa alikuwa mwanamke kijana, kijana kiasi kwamba Makasi alitaka kuuliza madaktari wenyewe wako wapi. Alivaa koti lenye mfuko wa kalamu uliolala kidogo upande. Makasi aliujua mfuko ule. Kuna kipindi kiolezo kilipinda, akaikata mifuko yote hivyo, na hakuna aliyegundua.

Daktari hakukaa. Alizunguka nyuma ya mgonjwa, akaushika uso kwa mikono miwili, kulia na kushoto pamoja, kama anayelinganisha.

"Uma meno," akasema. "Kwa nguvu. Haya, achia. Uma tena. Achia." Kisha akamwambia Makasi, "Njoo, baba. Weka kidole hapa upande wa kulia. Akiuma, unasikia nini?"

"Pagumu."

"Akiachia?"

"Panalegea."

"Huo ndio msuli. Sasa weka huku kushoto."

Makasi aliweka. Mkewe aliuma, akaachia, akauma, akaachia. Chini ya kidole kilikuwa kitu kilekile muda wote.

"Msuli ukiachiwa unalala," daktari akasema. "Huu haulali."

Akamwambia mgonjwa afumbe macho, apulize mashavu, aonyeshe meno. Nusu ya uso ilitii. Halafu akavuta kiti akaketi karibu nao, magoti yakakaribia kugusana, akaeleza bila haraka. Hapo mbele ya sikio pana tezi inayotengeneza mate. Mshipa wa fahamu unaoendesha uso, unaofumba jicho na kubana midomo, unapita katikati yake. Tezi ile inaweza kuota uvimbe. Mara nyingi uvimbe wenyewe si wa kutisha, lakini kila unaobaki pale bila kuondoka inabidi ushikwe, upimwe, hata kama hauumi. Ukiona unakua, umegandamana, na uso umeanza kulegea, ujue umeshaufikia ule mshipa.

"Pini zilianza kuanguka lini?" akauliza.

Wakamwambia. Hakuandika. Alitazama mikono yake.

"Na kabla yangu mimi, nani mwingine amekushika hapa?"

Mama Watoto alifikiri. "Shangazi."

"Shangazi yako ni muuguzi?"

"Ni mshonaji mwenzangu. Alikuwa ananipongeza."

Walimchoma sindano wakavuta maji ya uvimbe, wakapima. Walimpiga picha za shingo na kifua. Wakapasua wakatoa walichoweza kutoa, lakini ugonjwa ulikuwa umeshatembea. Umefika kwenye tezi za shingo, umefika kifuani. Daktari kijana alilisema hilo akiwa amesimama mlangoni, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemkasirikia mtu ambaye hayupo chumbani.

Miezi iliyofuata binti alijifunza kumtilia mama yake dawa ya jicho na kulibandika plasta ili lisikauke. Mama Watoto alitania hadi alipoishiwa pumzi ya utani.

"Nikienda msihangaike na hili jicho," alimwambia bintiye, Makasi akisikia. "Liacheni wazi. Limwangalie baba yako asije akaniletea mwingine."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nani atamtaka lakini, na magoti yale."

Alikufa mchana, wodi imejaa watu waliokuja kuona wagonjwa wao. Muuguzi alivuta kope la kushoto kwa kidole, likarudi. Akavuta tena, likarudi. Akatafuta plasta mfukoni, na mfuko ule nao Makasi aliukata mwenyewe.

"Liache, dada," akamwambia. "Kuna watu linawatafuta."

*

Kiwanda kilituma rambirambi. Kengele aliileta mwenyewe, pamoja na kipande cha kitambaa cheupe cha makoti kwa ajili ya mazishi. Makasi alikifungua mbele yake. Kilikuwa na doa la mafuta ya mashine katikati. Ni kipande walichokitenga kwa sababu hakifai kumvika daktari.

"Wakubwa wamesikitika sana," Kengele akasema.

"Nimewaona," Makasi akajibu, na akakikunja kitambaa kikawa kidogo, kikawa kidogo zaidi, hadi Kengele akaaga.

Alirudi kazini kwa sababu binti alikuwa anasoma bado. Nyumbani akikanyaga sakafuni peku, alikutana na pini. Alizoa, akafagia, akainua godoro, na bado zilitokea, moja kwenye kapeti, moja kwenye sukari. Kazini hali ilikuwa mbaya zaidi. Makoti yaliyokamilika yalitundikwa mbele ya meza yake, na vitundu vya vifungo, vilivyodariziwa pembeni vikabaki wazi kidogo katikati, vilikuwa vimejipanga kutoka juu hadi chini. Akiinamia kitambaa vilimwangalia utosini. Aliomba meza igeuzwe. Kengele akamwambia meza haigeuzwi kwa ajili ya mtu mmoja.

Mashine ya marehemu akapewa msichana, mwembamba, mcheshi, ambaye huko alikotoka alibana pini tangu utotoni kwa mama yake. Saa ya chai moja Makasi alikuwa katikati ya kitambaa, mkasi umefika kwenye bega la koti, aliposikia sauti ya Shangazi.

"Haya, njooni mshike wenyewe. Mtoto amekuwa fundi."

Makofi yakaanza.

Sakafuni palikuwa na mstari wa rangi uliotenga wakataji na washonaji. Makasi hakuwahi kuuvuka, hata siku ile mkewe alipovuliwa aproni. Aliuvuka sasa, mkasi bado mkononi, na makofi yakapungua kadiri alivyosogea. Watu walikuwa wameshasema kwamba msiba umemgusa kichwa. Aliuweka mkasi juu ya mashine ya mkewe.

"Niruhusu, binti yangu," akasema. "Uma meno."

Msichana alimtazama Shangazi, akacheka kwa woga, akauma. Makasi aliweka vidole viwili.

"Achia."

Kidole kilizama. Palilegea pote, pakawa shavu la mtoto wa watu. Akarudia, uma, achia, na tena.

"Huu ni msuli," akasema. "Mungu akuweke." Halafu akawageukia wengine. "Kila mmoja ajishike. Hapa, mbele ya sikio, na chini ya taya pia. Umeni meno."

"Makasi," mmoja akaanza, "nenda ukapumzike."

"Umeni, dada zangu. Kisha achieni. Kikilegea ni kokwa. Kisipolegea, mke wangu alikuwa na kama hicho, nanyi mlimpigia makofi, na mimi nikatania."

Mwanamke mmoja akaweka chini kikombe, akajishika. Akafuata jirani yake. Kengele akaingia akitikisa kengele yake, chai imekwisha, akakuta ukumbi mzima umesimama umeshika mataya kama watu wanaoumwa meno kwa pamoja. Akatikisa tena. Mikono ikaanza kushuka, huku mmoja, kule wawili, na kila aliyeshusha alishusha pumzi.

Mkono wa Shangazi haukushuka.

Alikuwa ameshika mataya ya ukumbi ule miaka yote, na Makasi hakukumbuka kumwona hata siku moja akishika la kwake. Kidole gumba kilikuwa chini ya sikio la kulia. Aliuma, akaachia. Aliuma, akaachia. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza mlango unaogongwa chumba cha pili.

"Hili langu," akasema taratibu, "mimi nilidhani ni gumu kwa kuwa nimewatangulia."

"Linauma?"

"Haliumi."

"Jicho linafumba?"

Alifumba. Yote mawili yalifumba, yakabaki yamefumba, na machozi yakapita katikati. Makasi aliyatazama yale macho yaliyofumba sawasawa kwa muda mrefu kuliko ilivyo adabu.

"Bado linafumba," akasema. "Vua aproni, Shangazi. Twende sasa hivi."

"Mnakwenda wapi?" Kengele akauliza. "Wewe, Makasi, kitambaa umekiacha nusu pale."

Makasi aliuchukua mkasi kutoka kwenye mashine, akamwekea msimamizi mkononi, akamkunja vidole juu yake. Kisha akamshika Shangazi mkono, wakauvuka mstari, wakapita mbele ya makoti yaliyotundikwa. Hakuinamisha kichwa. Vile vitundu vya vifungo vikawatazama wote wawili mpaka mlangoni, na alipofika mlangoni akageuka, naye akavitazama.